Mche wa Kwenye Kijiti

Katika shule moja ya wasichana ya kutwa, kwenye mgongo wa kilima upande wa Sosiot, kulikuwa na ubao wa matangazo nje ya ofisi ya walimu ambao haukubandikwa tangazo hata moja. Ubao huo ulikuwa mali ya Mwalimu Kipkurui wa hisabati, naye aliuita Makaburini. Kila Jumatatu kabla ya paredi alibandika hapo makosa ya kipuuzi kuliko yote aliyoyakuta wiki iliyopita. Aliweka kipande cha karatasi, jina la mwenye kosa, msalaba mdogo wa kalamu nyekundu na tarehe ya kufariki. Wasichana walikuja mapema kuona nani amezikwa. Wazazi nao siku ya mkutano waliusoma wakacheka hadi machozi, wakasema huyo ndiye mwalimu, huyo hana mchezo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtu mzima mwenye shahada anapata wapi muda wa kuchora misalaba.

Cheptoo wa Kidato cha Nne alikuwa amezikwa mara kumi na moja muhula huo, na muhula wenyewe ulikuwa haujaisha. Mara ya kwanza alilia chooni. Kufikia mara ya tano aliacha kulia akaanza kukubali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kilichoudhi ni kwamba hisabati aliijua. Mpe hesabu ya kutafuta eneo lililo chini ya mstari uliopinda wa grafu, ile ambayo nusu ya darasa waliiruka bila hata kuisoma, naye angeikokotoa kwa mistari sita safi. Mstari wa saba angesahau alama ya kutoa. Angenakili sita ikawa sifuri. Angezidisha tatu kwa nne akapata saba, msichana wa miaka kumi na saba, kosa ambalo mtoto wa darasa la tatu angemchekea. Penye ugumu alipita kichwa juu, kisha akaanguka penye mchezo wa watoto.

Hayo yalikuwa makosa ya kweli na yalistahili kukosolewa. Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, ulikuwa mwingine. Akishaandika jibu Cheptoo alilitazama, na kulitazama ndiko kulikomponza, kwa sababu alilitazama kwa macho ya Kipkurui. Alisikia ile sauti ya puani ikisema uzembe, uzembe, akaweka rula juu ya jibu, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika lingine chini yake. Na katika mtihani, kilichokatwa kikaandikwa upya hakisahihishwi. Husahihishwa kile kilichobaki. Jirani yake wa dawati, Maxine Apiyo, ambaye baba yake alikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha majani chai, siku moja alikaa akayahesabu majibu ambayo Cheptoo alikuwa ameyakata katika jaribio moja. Yalikuwa saba. Matano yalikuwa sahihi.

"Wewe si mzembe," Maxine alimwambia. "Mzembe angeacha hiyo jibu vile iko. Wewe ni mwoga tu."

Cheptoo alijidharau kwa bidii ambayo angeielekeza kwingine ingemfikisha mbali, na Kipkurui alimsaidia katika kazi hiyo kila siku ya wiki.

Nyumbani mikono hiyohiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Cheptoo aliishi na bibi yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyowaita bibi zao. Kogo alikuwa na robo tatu ya ekari ya chai na dharau ya kutosha kata nzima. Aliwadharau wanaochuma majani manne badala ya mawili na chipukizi kwa tamaa ya uzito, aliwadharau wanaokwenda kituo cha kupimia chai bila kumwaga majani kwenye gunia na kuyachambua upya, na aliwadharau zaidi wanaotegemea karani awaonyeshe majani yao mabaya. Katika chai hiyo Cheptoo alichuma kwa mikono miwili huku akizungumza, na karani wa kituo, ambaye aliwapindulia wachumaji wengine magunia yao hadharani, lake alilipitisha bila kuligusa. Hakutetemeka. Hakurudi nyuma kutazama kichaka alichokwisha kukichuma.

Aprili, mvua zilipokolea, walipanda miche mipya kwenye kipande cha chini. Kogo alikuwa na kamba ya kupandia yenye mafundo, kutoka fundo moja hadi jingine sentimita sabini na tano. Unachomeka kijiti kwenye ukingo wa shamba, unafunga kamba, unaivuta hadi kijiti cha ukingo wa pili, kisha unachimba shimo penye kila fundo. Fundo la kwanza liko kwenye kijiti chenyewe. Hapo ndipo watu walipomkera Kogo. Kuna jirani aliyevuta kamba yake vizuri, halafu akaanza kuchimba hatua moja mbele ya kijiti kana kwamba kijiti kile ni ukuta. Kila mstari ulipungukiwa na mche mmoja, na Kogo alikuwa akimcheka mwaka wa sita sasa. Cheptoo alichimba mashimo ya miche mia nne na kitu kwa kamba ile, la kwanza kila mara likiwa kwenye kijiti, mpaka mgongo ukajua hesabu hiyo kuliko kichwa.

Kutoka kipande hicho cha chini ndiko pia alikotoa ndoto yake. Miaka miwili nyuma palizuka ugomvi wa mpaka, na savea, mpima ardhi, aliyetumwa alikuwa msichana mwembamba aliyevaa gambuti, mwenye chombo chake cha miguu mitatu. Wanaume waliokuwa wakipigiana kelele tangu alfajiri walimnyamazia. Alisema mpaka unapita hapa, na mpaka ukapita hapo. Cheptoo aliitaka kazi hiyo kwa roho yake yote, na bila hisabati kazi hiyo haipatikani.

Sasa tumrudie Kipkurui, maana huyu naye ni mtoto wa kilima hichohicho. Baba yake alikuwa na chai mashamba matatu kutoka kwa Kogo. Lakini Kipkurui alitambuliwa mapema kuwa kichwa cha familia, na kichwa hakichimbi. Ndugu zake wakipanda, yeye alikaa kivulini na kitabu akiletewa chai ya maziwa na mama yake. Kamba yenye mafundo aliijua kama mtu anavyojua jina la kijiji asichowahi kukanyaga. Hilo halikumzuia, miaka tisa iliyopita, kutunga swali lake maarufu la upandaji chai, ambalo alilitia katika kila mtihani wa majaribio na kulisifu mbele ya walimu wenzake kuwa swali la kwetu kwa watoto wa kwetu. Karatasi ya majibu yake aliitoa nakala mwaka hadi mwaka, ikafifia mpaka tarakimu zikawa za kijivu. Hakuwahi kulifanya tena lile swali. Kwa nini alifanye, na yeye ndiye aliyelitunga?

Majaribio ya mwaka huo yalikuwa na uzito wake. Kipkurui hakuwahi kumaliza silabasi kwa siku za kawaida. Mada mbili za mwisho, zile ngumu, alizifundisha katika darasa lake la Jumamosi, na huko aliwaita waliopata sitini na zaidi pekee. Waliobaki, alisema, wakatafute waume au wakasuke nywele. Uongozi wa shule ulijua, ukajitia hamnazo kwa sababu wale wa Jumamosi walileta gredi nzuri za kuimbwa kwenye mikutano. Kwa hiyo kila msichana alijua: chini ya sitini, utakwenda kufanya mtihani wa taifa mada mbili hujazisoma.

Swali la chai lilikuwa la kumi na tisa. Mstari wa kwanza wa miche una urefu wa mita thelathini, miche imepandwa kila sentimita sabini na tano kutoka ukingo hadi ukingo. Kila mstari unaofuata unazidi uliotangulia kwa mita moja na nusu. Mistari ni arobaini. Tafuta miche ya mstari wa kwanza, ya mstari wa mwisho, na jumla ya shamba zima.

Cheptoo aliandika arobaini na mmoja bila kufikiri. Akaendelea kwa kanuni ya mfululizo, akapata jumla elfu tatu na mia mbili. Kalamu haikusita hata mara moja. Kisha akafanya lile asilopaswa kufanya. Akalitazama.

Kipkurui, aliyekuwa akisimamia, alifika nyuma yake wakati huo. Alisimama. Alisonya, sonyo fupi la mtu aliyeona mende, akaenda zake. Cheptoo akaanza upya. Thelathini gawanya kwa sifuri nukta saba tano ni arobaini, mtoto yeyote anajua. Ule mmoja ameutoa wapi? Akachukua rula. Akakata kila kitu, akaandika arobaini, akapata elfu tatu mia moja na sitini.

Ijumaa karatasi zilirudi. Cheptoo alikuwa na sitini na mbili. Kipkurui aliiinua karatasi yake mbele ya darasa, akaonyesha sehemu iliyokatwa na sehemu iliyofuata, akasema huyu alikuwa maiti, amejikagua mwenyewe, amefufuka. Akamwambia siku zote kukata kwake kulikuwa kwa ovyo, leo amekata kwa akili. Kisha akainua ya Maxine. Maxine alikuwa ameandika elfu tatu na mia mbili na hakukata chochote. Alikuwa amepata hamsini na saba. Mtoto wa kiwandani, Kipkurui alisema, anakunywa chai kila siku na hajui hata kugawanya, na Jumatatu atalala Makaburini. Maxine alijaribu kusema kitu akaambiwa anyamaze.

Cheptoo alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi kijinga, akamwonea Maxine huruma ya mtu aliyevuka mto akimtazama aliyebaki ng'ambo. Alikimbia nyumbani na karatasi mkononi na kumkuta Kogo uani akiweka gunia juani.

Kogo alitaka asomewe hilo swali lililomfufua mtu. Alilisikiliza lote, kwa sababu lilikuwa la chai, na kwa chai hakuna lililompita. Akauliza mstari wa kwanza ulipata miche mingapi. Cheptoo akasema arobaini.

Vidole vya Kogo vilitembea kwenye ukingo wa gunia.

"Na ile ya kwenye kijiti," akauliza, "mlikula?"

Cheptoo aliitazama karatasi.

Kogo akacheka. Hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mjukuu. Alicheka mpaka akashika kiuno, akauliza huyo mwalimu ni mtoto wa nani, na alipotajiwa akatikisa kichwa taratibu.

"Ee. Yule wa kuletewa chai kivulini," akasema, akarudi kwenye gunia lake. Kwake mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Cheptoo aliketi kwenye kigoda, karatasi magotini. Chini ya mstari wa rula, arobaini na mmoja ilisomeka vizuri kabisa. Elfu tatu na mia mbili ilisomeka. Tofauti ya majibu mawili ilikuwa miche arobaini, mche mmoja kwa kila mstari, kila mmoja kwenye kijiti chake, kosa lilelile la yule jirani. Alikuwa amechimba mashimo hayo kwa mikono yake miwili, kisha akayafukia kwa sababu mtu ambaye hajawahi kushika jembe alisonya. Miaka tisa wasichana walikuwa wakipoteza alama hapo, na wengine, kama yeye, wakisifiwa kwa kuikana akili yao.

Hasira ilimpanda, kwanza juu yake mwenyewe kama kawaida. Halafu ikageuka. Dharau yote aliyokuwa akijilimbikizia tangu Kidato cha Kwanza ilifungasha virago ikahamia kwa Kipkurui, na Cheptoo alishangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi.

Wepesi huo haukudumu. Hesabu ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Jibu likisahihishwa, alama nne zinaondoka: hamsini na nane. Maxine anapanda kwa nne: sitini na moja. Yeye nje, Maxine ndani. Na asiposema, nani atajua? Kogo hakuwa mtu wa kwenda shuleni. Jumamosi yote alichuma bila kuzungumza. Aliwaza zile mada mbili za Jumamosi. Aliwaza vilevile yule savea, na kama angechomeka kigingi pasipo pake, akagundua, kisha akakunja chombo chake akaenda. Shamba la Kogo lingekuwa dogo leo, na watu wote wangelimheshimu vilevile yule msichana wa gambuti. Wazo hilo lilimchukiza. Jumapili jioni aliikunja kamba ya mafundo akaitia kwenye begi lake.

Jumatatu jina la Maxine Apiyo lilikuwa Makaburini na msalaba wake. Kipindi cha kwanza kilikuwa hisabati. Cheptoo aliinua mkono, akasimama, akasema jibu la Mwalimu kwa swali la kumi na tisa si sahihi.

"Umefufuka juzi, unataka kufa tena?" Kipkurui akauliza. Darasa likacheka, kama lilivyozoezwa.

Cheptoo alimwomba Maxine ashike ncha moja ya kamba kwenye kona ya ubao. Maxine hakuelewa, ila alishika. Cheptoo akavuta kamba, akapima kwa ile rula ndefu ya ubaoni mita tatu kamili, akafunga ncha ya pili kwenye mguu wa meza ya mwalimu.

"Hii ni mita tatu," akasema. "Ukigawanya kwa sabini na tano unapata nne. Naomba uhesabu mafundo, Mwalimu."

Kipkurui alisema hakuja shuleni kucheza kamba. Lakini safu ya mbele ilikwisha kuanza kuhesabu, na sauti zikaongezeka, mpaka darasa zima lilisema tano kwa pamoja. Maxine alicheka peke yake, sasa ameelewa, akasema hivyo ndivyo alivyofanya yeye kwenye karatasi ya kujaribia, alichora mstari mfupi akatia nukta.

Kipkurui aliitazama kamba. Alisema katika hisabati hatupandi chai, tunagawanya. Alisema swali lingeweza kueleweka namna mbili. Cheptoo akamsomea maneno yake mwenyewe, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sauti ya kawaida, na akaona kwamba yule mtu hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama mlango. Mtu mzima mwenye shahada, anatafuta pa kutokea.

Alimwita Maxine, akamwongezea alama nne bila neno. Sitini na moja. Kisha akanyoosha mkono kwa karatasi ya Cheptoo, na uso wake ukapata uhai tena.

"Jibu sahihi ulikuwa nalo," akasema. "Ukalikata mwenyewe. Kilichokatwa hakisahihishwi, na hiyo si sheria yangu, ni ya mtihani. Natoa nne. Jumamosi sitaki kukuona."

"Najua, Mwalimu," Cheptoo akasema. "Nilipiga hiyo hesabu kabla nije."

Maxine, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, akasema kila Jumapili baada ya kanisa atafika kwa kina Cheptoo na daftari lake la Jumamosi. Kipkurui alijifanya hakusikia. Aliilaza karatasi mezani, akakata sitini na mbili, akaandika kando yake tarakimu mpya, haraka, akaisukuma mbele.

Cheptoo aliipokea. Palikuwa pameandikwa hamsini na sita.

Aliinua macho. Kalamu nyekundu ilikuwa bado katika vidole vya Kipkurui na ncha yake ilitikisika kidogo, na macho arobaini yalikuwa yakimtazama. Cheptoo aliujua mtikisiko huo. Alikuwa ameishi nao miaka minne. Alingoja huruma imjie, kwa kuwa alilelewa vizuri, lakini haikuja.

"Hamsini na nane, Mwalimu," akasema.

Kipkurui aliivuta karatasi. Aliitazama, akaweka rula, akakata. Akaandika hamsini na nane, akaitazama tena kana kwamba hana hakika.

Cheptoo alifungua kamba kutoka kwenye mguu wa meza, akaikunja fundo kwa fundo, akachukua karatasi yake akaitia ndani ya daftari bila kuiangalia mara ya pili, akarudi kuketi.